Tarumbeta Lililowahi

Tangu Loliondo Brigita alikuwa amekaa ndani ya basi, katikati ya wanaume wawili wasiojuana. Kushoto kwake alikuwa Lekoko, kijana mwenye simu iliyojaa nyimbo za Eyasi Jazz, bendi iliyovunjika siku nyingi. Kulia alikuwa Mzee Emilian, anayekwenda Karatu kumzika kaka yake na anayetaka arushiwe wimbo mmoja tu wa kupigwa msibani.

“Chukua hii ya studio, mzee,” Lekoko alimshauri. “Ile ya kwanza, ya ukumbini, imeharibika. Tarumbeta linawahi kuingia kabla ya zamu yake, mpaka kiongozi wa bendi anasikika akicheka.”

“Nirushie hiyo hiyo iliyoharibika.”

“Lakini hata studio linawahi! Kiongozi alilipenda lile kosa, akalitia kwenye utunzi. Rekodi zote zilizofuata linawahi, ila kwa mpango.”

Brigita, ambaye kwake tarumbeta na honi ya basi ni mtu na mdogo wake, aliona kijana ameshashinda.

Mzee Emilian alitazama mashamba ya ngano yanavyopita dirishani. “Zilizofuata anapiga mtu mwingine,” alisema. “Kosa walilibakiza, kaka yangu wakamwachisha kazi.”

Lekoko alipekua simu yake hadi nyumba za Karatu zikaanza kuonekana. “Pole sana, mzee. Ila kusema kweli, ya studio imepigwa vizuri zaidi.”

“Imepigwa vizuri, ndiyo.”

Basi likasimama stendi. Brigita alikunja magoti ili mzee apite, lakini mzee hakuinuka. Alinyoosha simu yake mbele ya uso wa Brigita, kumwelekea Lekoko.

“Nirushie ile ambayo yumo.”