Timu Mbili, Pipa Moja

Kijiwe chetu kiko pale magari ya Mishamo yanapopakia, hapa Mpanda mjini, kwenye ukuta wa duka la matairi. Kina benchi moja la mninga lenye mguu mfupi, tumeuwekea kipande cha tofali. Kahawa ni yangu. Wananiita Mama Karema kwa sababu nimetoka Karema, kule ziwani, na nimechoka kuwaeleza watu kwamba nina jina jingine. Ninachemsha kahawa na tangawizi, ninauza kashata za karanga, na ujinga ninausikiliza bure. Wenye benchi ni watatu. Kuna Kamanda, aliyewahi kuongoza sungusungu, na mpaka leo hawezi kuomba kashata bila kutoa amri. Kuna Kocha, anayefundisha timu ya kata ambayo haijawahi kuvuka raundi ya kwanza. Na kuna Semina. Huyo jina lake ni Onesphore, alienda semina ya uongozi Sumbawanga mara moja tu, wakampa begi, na begi hilo halijatoka begani tangu siku hiyo.

Asubuhi ile akaja Emelyne. Ni binti wa Katumba, tunamjua tangu akiosha chupa kwenye kiwanda kidogo cha asali hapo nyuma ya soko. Mwezi uliopita bosi wake alimpa usimamizi wa wachujaji, akaja hapa akicheka peke yake, akawanunulia wote kashata. Safari hii alikaa kwenye ncha ya benchi na hata kikombe hakuomba.

— Vipi mwanangu, nikamuuliza, kuna msiba?

— Hakuna msiba, Mama. Ila naona wangu unakuja. Lori la kuchukua asali linafika Jumamosi. Bosi kasema pipa lisipojaa, narudi kwenye chupa.

— Si ulishazizoea chupa? akasema Kocha.

— Sizitaki tena, baba. Nataka hii kazi. Naipenda.

Nikammiminia kahawa bila kuombwa.

— Hao watu wako wanakataa kazi? akauliza Kamanda. Nitajie majina!

— Hawakatai, baba. Wangekataa ningejua pa kuanzia. Nikisema tuchuje, wanasema "sawa dada." Nikisema leteni ndoo, "sawa dada." Halafu hakuna anayenyanyuka. Jana nimesema kitu kilekile mpaka midomo imekauka, wote sawa, sawa, sawa.

Hapo nilimwelewa sana. Huku kwetu mtu akikuambia "sawa" haraka haraka, huku anaangalia pembeni, usimsubiri.

— Wameanza lini? akauliza Semina, akafungua zipu ya begi utadhani anatoa kitu. Hamna kitu mle.

— Tangu nifuate ushauri wa Kocha.

Wote tukamgeukia Kocha. Akajifanya anakunywa, kahawa ikamuunguza ulimi, ikabidi ateme.

— Mimi? Mimi nilisema nini?

— Ulisema niwagawe, baba. Timu mbili, jezi mbili, washindane.

— Aaa, hiyo! Hiyo ni mbinu ya kimataifa!

Ni kweli alisema, nilikuwepo. Emelyne akaenda akashona aproni nyekundu na aproni za bluu. Wekundu akawapa nahodha Nyanda, kijana wa Kisukuma, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe. Bluu akawapa Dafrosa, wa kule Ugalla, amekulia kwenye mizinga. Siku ya kwanza asali ilitiririka mpaka bosi akapiga makofi.

— Siku ya pili, akasema Emelyne, Nyanda akaja na ngoma.

— Ngoma ya nini?

— Ngoma, baba. Ya kupiga. Kumbe kwao ukishagawa watu pande mbili ukawaambia washindane, hiyo siyo kazi tena. Hayo ni mashindano ya ngoma, kama yale makundi yao mawili, Wagika na Wagalu. Nilikuwa sijui! Akatunga wimbo kwamba timu ya Dafrosa ni wazito mpaka nyuki wamewahurumia, wanarudi kuwachujia wenyewe.

Kamanda akacheka mpaka kofia ikaanguka. Nami nilicheka, sitaki kusema uongo.

— Msicheke jamani. Dafrosa naye akajibu, wimbo wake mkali kuliko wa Nyanda. Ikawa asubuhi nyimbo, mchana nyimbo. Halafu chujio la wekundu likachanika. Mtu mmoja akanong'ona kwamba kwenye mashindano ya ngoma huwa watu wanatumia dawa za kurogana. Basi. Tangu hapo mwekundu hagusi ndoo ya bluu, bluu hagusi ndoo ya mwekundu. Ndoo zimejaa masega, zinakaa tu. Na mimi wote wananiambia sawa.

Kungekuwa na akili kwenye lile benchi, tungeishia hapo.

— Sikiliza binti, Kamanda akaanza. Kiongozi ni filimbi. Saa kumi na mbili asubuhi unapiga, wanajipanga mstari, unawakagua kucha. Anayesema sawa bila kutembea, anazunguka kiwanda akiruka kichura.

— Dafrosa ana wajukuu, baba.

— Aruke taratibu!

— Huyo unampa ushauri wa zamani, akasema Semina. Siku hizi ni dira na motisha. Unafanya timu bildingi. Unawapakia kwenye gari, unawapeleka hifadhini Katavi wakaangalie viboko. Kiangazi viboko wanajaa kwenye kidimbwi kimoja, wamebanana, na hawajawahi kuhudhuria semina hata moja!

— Viboko wanaumana, Semina, nikamwambia. Wanatoana damu.

— Wanaumana wakiwa na malengo, Mama Karema. Hilo ndilo la kuzingatia.

— Oya, mnamzingua mtoto, akadakia Kocha. Timu zipo, kinachokosekana ni refa. Unaweka mtu wa tatu, nguo nyeusi, kadi mfukoni. Chujio likichanika, mnarudia picha kwenye simu. Ikishindikana, unauza wachezaji, unasajili wengine.

— Nisajili wapi, baba, na Jumamosi ndiyo hiyo?

— Kwenye kiwanda pinzani! Unawafuata, unawapa ahadi.

— Hakuna kiwanda pinzani.

— Basi anzisha.

Kamanda akasimama. Akisimama huyu ujue kuna balaa.

— Nimepata. Watu wanaungana wakiwa na adui. Tunatafuta mwizi wa bandia. Kocha, wewe unafaa. Unaingia kiwandani umejifunika gunia, unakimbia na ndoo. Wekundu na bluu wanakukimbiza pamoja, wanakukamata, wanakupiga kidogo, umoja umerudi.

— Wanipige kidogo kiasi gani?

— Kiasi cha umoja.

— Mie naona apotee tu, akasema Semina. Emelyne asiende kazini wiki nzima, asiseme alipo. Watamkumbuka. Unaitwa uongozi wa kutokuwepo.

Emelyne alikuwa akiwaangalia mmoja mmoja, na kila mmoja akimaliza, mabega ya binti yanashuka. Hasira zikanipanda. Nikagonga birika kwa kijiko.

— Nyie wazee hamna haya! Mtoto analilia kazi yake, nyie mnamvisha Kocha gunia? Ushauri wenu wa kwanza ndio umemfikisha hapa, sasa mnamwongezea!

— Mama Karema, tunasaidia, akasema Kocha, lakini kwa sauti ndogo.

Sasa pembeni ya benchi alikuwepo mama mmoja, mtoto mgongoni, anasubiri gari la Mishamo lijae. Simjui, hakuwa mtu wa hapa. Alikuwa ameshika kashata yake, anasikiliza kama watu wanavyosikiliza redio ya jirani. Akasogea kidogo.

— Samahani, akasema. Mimi napita tu. Hizo timu zikishachuja, asali inaenda wapi?

— Kwenye pipa, akajibu Emelyne.

— Kila timu na pipa lake?

— Hapana, pipa ni moja. La lori la Jumamosi.

Yule mama akatafuna kashata, akafikiri.

— Sasa nani anashinda?

Semina akashika zipu ya begi, akaiacha. Tukamwangalia Kocha, maana mashindano yalikuwa yake. Kocha akaangalia chini kwenye kile kipande cha tofali kama vile jibu limeandikwa pale.

— Pointi..., akasema. Unajua, kwenye mpira...

Konda wa Mishamo akapiga kelele, yule mama akamfunga mtoto vizuri, akatuaga, akapanda gari, akaondoka zake. Hata hakujua ametufanya nini.

Emelyne akaanza kucheka, halafu akafuta macho kwa kiganja.

— Hakuna wa kushinda, Mama. Mimi ndiye niliyewapa mchezo usio na mshindi, halafu nakasirika hawauchezi. Na wao wenyewe sijawauliza hata siku moja. Nimekuja kuwauliza nyie.

Akanyanyuka.

— Mama, nisaidie birika.

— Lote?

— Lote, na vikombe.

Nikalibeba. Benchi zima likanirukia.

— Mama Karema! Na sisi je?

— Nyie kunyweni ushauri wenu, nikawaambia, tukaondoka.

Kiwandani tuliwakuta wamekaa hivyohivyo, aproni nyekundu kwenye ukuta huu, za bluu kwenye ukuta ule, na pipa katikati. Emelyne hakusimama mbele yao. Alichukua ndoo moja ya wekundu na moja ya bluu, akaziweka chini kando ya pipa, akasema:

— Nimekosea. Nimewagawa bila kuwauliza, na kazi ilikuwa ikienda. Kosa ni langu, siyo la Nyanda wala la Dafrosa. Naomba mnisamehe.

Wakaangaliana. Wakuu wa huku hawazungumzi hivyo. Halafu akachukua kijiko, akachota asali kwenye ndoo ya wekundu, akala. Akachota kwenye ya bluu, akala. Na mimi niliiogopa ile dawa, nasema kweli, japo naenda kanisani.

— Ya bluu ina moshi kidogo, akasema Emelyne.

— Moshi! Dafrosa akaruka. Moshi uko wapi? Lete kijiko hapa!

Akalamba ya kwake, kisha kwa hasira akalamba ya wekundu aone tofauti, na alipokumbuka alichofanya alikuwa ameshameza. Nyanda akaangua kicheko, akaja naye kuchota ndoo zote mbili. Wa mwisho alipofika, kijiko kilikuwa kimejaa asali mpaka kwenye mpini.

Nikawamiminia kahawa. Emelyne akauliza lile chujio lilichanikaje, akangoja. Haikuwa rahisi kwake, nilimwona anauma mdomo. Dafrosa ndiye aliyeanza.

— Lilikuwa limechoka tangu zamani. Nilikuambia, dada, ukasema tuongeze kasi.

— Uliniambia?

— Nilikuambia.

— Basi sikusikiliza. Leo nalinunua jipya. Kingine?

Kikaja kingine, na kingine. Mmoja mgongo unamuuma, anainua ndoo siku nzima wakati anajua kutenganisha nta kuliko wote. Nyanda anataka kukamua masega, ana mikono ya nguvu. Wakapangana wenyewe, Emelyne akiuliza tu nani anaweza hiki, nani amechoka na kile. Aproni zikavuliwa, zikatupwa kwenye beseni moja la kufua. Ngoma Nyanda hakuiacha, ila akasema wimbo utakuwa wa pipa, ajibu mwenye kujibu. Dafrosa akasema atajibu yeye, na ole wake.

Emelyne alifurahi mpaka akasahau aliyoyasema muda ule ule.

— Haya, akasema, tumechelewa sana. Leo tunachuja mpaka saa nne usiku!

Nikasubiri lile neno lao. Nilishaona Dafrosa anafungua mdomo, nikajua sasa inakuja "sawa dada," na tumerudi tulikotoka.

— Hapana dada, akasema Dafrosa. Usiku huu wa baridi asali inakuwa nzito, haipiti kwenye chujio. Tutapoteza nguvu bure. Jua likizama tulale, tuje alfajiri tupange ndoo, jua likipanda tunachuja mfululizo.

— Hapana kweli, akasema Nyanda. Usiku hapana.

— Hapana, wakasema wengine.

Emelyne alisimama katikati yao, kikombe mkononi. Akanigeukia, machozi yamemjaa, anacheka.

— Mama, umesikia? Wamenikatalia!