Nusu ya Mama Vifungo

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, mimi mdogo wake wa kiume ndiye niliyetumwa na familia kuwasomea maisha ya dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Vifungo, na mnivumilie nikikwama mahali.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mkewe, akasoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, kisha akakabidhiwa kwa shangazi yetu afundishwe cherehani, na shangazi, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alikiri kwamba mtoto huyu ana mkono.

Mwaka 1979 alifungua kibanda chake sokoni, ubavuni mwa fundi viatu, na hapo ndipo alipofika seremala mmoja kupunguziwa suruali, akairudisha ileile wiki iliyofuata, na wiki nyingine tena, hadi ikakaribia kuwa kaptula, ndipo dada akamwambia aseme kinachomleta kabla nguo haijaisha. Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1981, wakajaliwa watoto watatu, dereva wa lori, mwalimu wa chekechea na kitinda mimba ambaye ni kinyozi, na wote wamekaa hapa mbele.

Shinikizo la damu liligundulika kwake mwaka 2009, na kwa mumewe miaka mitano baadaye, daktari akawaandikia vidonge vya aina moja, wavimeze kila siku, wajisikie vizuri wasijisikie, nao wakavimeza pamoja wakitaniana kwamba hata ugonjwa wameoana nao. Lakini tangu mwaka jana vidonge vya bei nafuu vikawa adimu katika duka la dawa la mtaani kwetu, vikiletwa vinaisha kabla habari haijaenea, na vinavyobaki kwenye rafu ni vile vya boksi linalong'aa, ambavyo fundi cherehani na seremala aliyestaafu huviangalia tu na kuondoka. Muuza dawa aliwawekea kidogo kila alipopata, na rafu tupu si kosa lake.

Wakakubaliana wamege nusu kwa nusu, dada akivikata kwa mkasi wake wa nyuzi, mume akimeza nusu yake mezani, dada akisema yake ataimeza kazini na chai. Hakuimeza. Aliihifadhi kwenye kopo la vifungo, kisha akampelekea mumewe akimwambia muuza dawa ameongeza, na fundi viatu alipomuuliza alijibu, "Yeye ndiye kichwa kinamgonga, mimi siumwi popote." Dada aliupima ugonjwa kwa maumivu, na ugonjwa huu hauumi. Alimwapisha fundi viatu asiseme, naye hakusema mpaka juzi.

Jumanne tarehe 4 Juni 2024 alipatwa na kiharusi akishona kola ya shati la mteja, akakimbizwa hospitali, akafariki Alhamisi tarehe 6, saa tano asubuhi. Ugonjwa huu una dawa, tena dawa ya siku nyingi, na hilo ndilo linalotukereketa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani waliolala nasi msibani, mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao leo, na muuza dawa, ambaye amekuja ingawa alisitasita mlangoni.

Shemeji, tangu Alhamisi umekataa kumeza dawa, na jirani yako amezunguka maduka ya mitaa ya mbali hadi akapata pakiti, nayo iko mfukoni mwa koti ulilovaa, koti alilokushonea dada, haijafunguliwa. Hatusemi hadharani ili kukuaibisha, tunakuomba, kwa sababu mtu ambaye dada yetu alimpigania hatumziki leo, amekaa hapa mbele yetu. Tukirudi kutoka makaburini, maji yatakuwa mezani, umeze kidonge kizima.

Dada, pumzika kwa amani, tutamwangalia akimeza.