Hundi ya Karani, Noti ya Mfugaji

Rozalia, aliyekosa kiti cha dirishani katika basi la Igawa kwenda Mbeya, alitega sikio kwa wawili waliokikalia kiti cha mbele yake.

"Hundi ndiyo salama, mzee," Danieli, karani, alimwambia Masunga aliyetoka kuuza ng'ombe mnadani. "Mwizi akiichukua hapati kitu."

"Hata mimi nilipoipeleka benki baada ya mnada uliopita sikupata kitu! Eti sahihi ya mnunuzi haifanani. Sasa nataka noti tu."

Utingo akadai nauli. Danieli hakuwa na kitu ila hundi. Masunga akaonyesha noti ya shilingi mia, kubwa kuliko zote enzi hizo.

"Lete, chenji utapewa Mbeya."

"Noti yangu isafiri mfukoni mwako? Thubutu!"

Basi likasimama. Matajiri wote wawili wakateremshwa huku wakibishana, na Rozalia akahamia dirishani.