Wacera Aliyemimina Chai: Teresiah Wacera Mbuthia, 1941–1984

Wasifu unasomwa na Naftaly, binamu ya marehemu, kwa niaba ya familia

Mpendwa wetu Teresiah Wacera Mbuthia alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika nyumba ya kupanga huko Pumwani, Nairobi. Alikuwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Ndung'u, seremala, na mkewe marehemu Nyambura. Kaka yake, Bwana Chege, ndiye kiongozi wa familia hii hadi leo.

Alianza shule Pumwani mwaka 1948. Mwaka 1954 familia ilihamishwa kwenda Kiambu, na masomo yakakatika. Aliporudi mjini alijifunza ushonaji kwa mama mmoja wa Shauri Moyo. Kusoma hakukumwacha. Alisoma hata magazeti yaliyofungiwa nyama.

Tarehe 12 Desemba 1959 alifunga ndoa kanisani Bahati na Elijah Mbuthia, dereva wa malori. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lydiah na Ndung'u. Bwana Mbuthia alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1972.

Kuanzia mwaka 1965 marehemu alifanya kazi katika soko la Gikomba, akirekebisha mitumba. Alikuwa na mazoea ya kupekua mifuko ya makoti kabla ya kuyashona, na alichokikuta alikihifadhi ndani ya kopo: tiketi za treni za nchi za watu, vifungo, na glavu moja nyekundu ya mtoto. Mama Luul, aliyeuza vitambaa kando yake, alimuuliza mara nyingi glavu moja itamsaidia nani. Wacera alimjibu, "Mwenzake yuko njiani. Meli imechelewa." Walicheka hivyo kwa miaka.

Mwaka 1973 alianza kuugua. Alisikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia, na alikaa siku nyingi bila kulala. Hospitalini tuliambiwa ugonjwa huo unaitwa skizofrenia. Mtaani tulisema ameenda Nyeri kumuuguza shangazi. Kila alipolazwa tulisema Nyeri, na aliporudi tulimkumbusha aseme Nyeri.

Mwaka 1978 Daktari Munyoki alimwingiza katika utafiti wa dawa mpya, sindano ya mara moja kwa mwezi, iliyogharimiwa na wafadhili wa ng'ambo. Sauti zilinyamaza. Mikono ilitulia, akarudi kwenye cherehani. Kwa miaka mitatu Lydiah na Ndung'u walikuwa na mama yao, na nyumba yao ya mtaa wa Bahati ilikuwa na kicheko. Tunapenda hilo lijulikane kabla ya yanayofuata.

Mwishoni mwa Septemba 1981 daktari alikuja nyumbani. Alieleza kwamba fedha za utafiti zingeisha Desemba. Wafadhili walikuwa wanakuja kuamua kama wataendelea, na walitaka kuonana na wagonjwa mitaani wanakoishi. Mkutano ungefanyika katika ukumbi wa mtaa wetu. Alimwomba Wacera asimame, aseme dawa ilivyomsaidia.

Bwana Chege alimjibu kwa heshima. "Daktari, tunakushukuru sana. Lakini wiki moja baada ya mkutano huo tuna wageni wa ruracio ya Lydiah, wanaoleta mahari. Nani ataoa katika nyumba ya..."

"Ya wazimu," Wacera alisema. "Malizia, kaka. Neno si refu."

Hakuna aliyecheka. Familia ilikubaliana kwamba hatasimama. Yeye hakubishana. Alisema tu kwamba binti ni wake pia.

Jumamosi tarehe 3 Oktoba akina mama wa mtaa waliombwa kuwapikia wageni chai, na Wacera alikuwa miongoni mwao. Ukumbi ulijaa. Wagonjwa wengine wa utafiti walikuwamo pia, kila mmoja kati ya watu wake. Daktari Munyoki alitafsiri swali la wageni: "Wanauliza kama yuko hapa mtu anayetumia dawa hii ambaye angependa kusimama."

Wote tulikuwa tumeketi. Aliyekuwa amesimama ni Wacera peke yake, birika mkononi. Alimtazama kaka yake. Bwana Chege alitazama viatu vyake, na sisi tuliokuwa naye tulitazama popote ila kwa Wacera. Ndipo alipoinama akamjazia mgeni kikombe, bila kumwaga hata tone.

"Asante, mama," mgeni alisema.

"Karibu," alijibu Wacera.

Wageni waliondoka bila kumwona mgonjwa hata mmoja, ingawa mmoja aliwamiminia chai. Ruracio ilifana. Desemba sindano ziliisha, na wafadhili hawakurudi. Daktari ametuambia kwamba huenda walikuwa na sababu nyingine huko kwao. Ni mtu muungwana. Hatutaki kujificha nyuma ya uungwana wake.

Kabla ya katikati ya mwaka 1982 sauti zilikuwa zimerudi. Marehemu alionekana mtaani Huruma akimwita mumewe kwa jina. Alilazwa tena na tena, na vidonge vya zamani alivyorudishiwa vilimtetemesha mikono hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Aliacha kazi. Sisi tuliendelea kusema Nyeri.

Mwezi Julai mwaka huu alipatwa na nimonia. Alipopata nafuu kidogo alimwambia Lydiah, "Nikienda, msiseme ni kifua tu. Semeni lile nililolinyamazia siku ya chai." Aliaga dunia Jumanne tarehe 21 Agosti 1984, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Katika matanga, sebule ile ile tulimomkataza kusimama mkutanoni ilijaa watu, na mchango wa mazishi ukapatikana upesi. Bwana Chege alitaka wasifu useme aliugua kifua kwa muda mfupi. Lydiah alisema, "Mjomba, mimi nimeshaolewa. Sasa tunamficha nani?"

Mama Luul aliongezea kutoka mlangoni, "Mtaa wote tunajua. Nyeri gani hiyo mtu anarudi hata kiazi kimoja hakuleta? Tulinyamaza kwa sababu nyinyi mlinyamaza."

Bwana Chege alisema, "Yaandikwe yote. Hata viatu."

Marehemu ameacha binti yake Lydiah na mumewe. Mwana wake Ndung'u. Kaka yake Chege. Wajukuu wawili, mdogo akiitwa Wacera. Na rafiki yake Mama Luul, aliyekabidhiwa lile kopo pamoja na glavu.

Daktari Munyoki yuko nasi. Bado anatafuta wa kuugharimia utafiti wake, na familia imeamua kwamba mchango utakaobaki baada ya mazishi upelekwe huko kwa jina la Wacera. Tukimaliza hapa kaburini, daktari atakuwa kando ya lori lililotuleta. Mwenye mgonjwa nyumbani, au anayeugua mwenyewe, anaweza kumwendea. Bwana Chege atakuwa amesimama hapo tayari, ili yeyote atakayekwenda asiwe wa kwanza kuonekana.

Wacera, pumzika kwa amani ambayo sisi hatukukupa.