Siri Aliyosimuliwa Mgonjwa Aliyelala

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha upasuaji, muuguzi wetu wa dawa za usingizi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Hapa tunamwita Mama Usingizi. Anayeandika ni msukuma machela, mtu aliyezunguka bandari nyingi akaona mengi, asiyeshtuka ovyo. Safari hii nimebaki mdomo wazi.

Mama amelaza majambazi, wachungaji na mkurugenzi mmoja, na wote walikoroma sawasawa. Ana desturi yake: mgonjwa akishazama, yeye huendelea kumsemesha taratibu, habari za mvua, bei ya nyanya, wajukuu.

Desturi hiyo ilizua mabishano ya chai yasiyoisha. Daktari wa upasuaji hushikilia kuwa akili ni taa: ikizimwa ni giza, hakuna wa kuzungumza naye. Daktari wa wodi ya akili humcheka. Kwake akili ni nyumba yenye chumba cha chini, na tunayoyafungia humo hutafuta mlango yenyewe. Mimi, niliyeiaga shule mapema lakini maneno sikosi, niliwaeleza wote wawili kuwa binadamu ni machela: kichwa kinadhani kinaongoza, kumbe magurudumu yana mambo yake.

Mwezi uliopita daktari wa upasuaji naye akalazwa juu ya meza yake mwenyewe, kwa henia. Alipozinduka, hata jina lake hajalikumbuka, alimshika Mama mkono akalia kama mtoto, akimsihi asiondoke. Tukaulizana: Aondoke kwenda wapi? Mama akaketi kama aliyemwagiwa maji baridi.

Kumbe alishaomba kustaafu kimyakimya, bila sherehe, maana kuagwa hakuwezi. Binti yake alipoolewa, yeye alijificha jikoni. Mkuu wa idara alimwapisha asitoboe siri. Kisha akamsimulia mgonjwa aliyelala.

Daktari wa upasuaji sasa anadai dawa ilikuwa nyepesi. Mwenzake anasema chumba cha chini ni cha Mama: moyo ulitaka kuagwa, akili ikakataa, basi moyo ukatafuta sikio. Mama anaapa hakumbuki kutamka lolote. Na sisi tulikuwamo humo humo, tukiwa macho, tusisikie kitu, maana sauti yake tumeizoea kama feni. Hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Amekubali kuja Ijumaa bwaloni, mradi asiambiwe atoe hotuba. Haya, Mama, tutasema sisi. Asante kwa kila uliyemlaza akaamka. Nenda ukaishi kwa raha, upumzike ushibe, na siku ukiwa na neno, njoo utuambie. Sasa tunasikiliza.