Mtu Aliyehamisha Nyumba Nzima Mlango kwa Mlango

Ndugu wafiwa, majirani, wapangaji wa zamani na wa sasa, naomba waliosimama kule getini wasogee, kwa sababu familia imeniteua mimi kuisoma historia hii, na haikuniteua kwa ajili ya sauti yangu tu, iliniteua kwa kuwa kila kilichomo humu nimekishuhudia mwenyewe, mimi shemeji yake, mdogo wa mkewe, na yale yaliyotokea kabla sijazaliwa nimeyashuhudia kwa masikio, maana marehemu alinihadithia mara nyingi mpaka sasa nayaona vizuri kuliko alivyoyaona yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mama muuza maziwa, katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya magari, chumba ambacho mlango wake ulikuwa haufungi na dirisha lake halifunguki, na naweza kusema bila kuogopa kwamba maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa ni ugomvi na mlango ule na dirisha lile.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 na kumaliza la saba mwaka 1971, akiwa hodari wa hesabu na mbishi wa kila kitu kingine, lakini hakuendelea, kwani uwezo wa wazazi ulitosha mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa kaka yake mkubwa, ambaye tunaye hapa mbele kwenye kile kiti chenye mto, nasi tunamshukuru kwa kusoma kwa niaba ya wawili.

Mwaka 1973 alijifunza ufundi bomba kwa mzee mmoja aliyefundisha kwa makofi, mwaka 1976 akaajiriwa kiwanda cha sabuni katika idara ya matengenezo, akakaa huko mpaka kiwanda kilipofungwa Machi 1985, na mwezi huohuo kaka yake akawa amemaliza kujenga nyumba ya ghorofa yenye makazi manane ya kupangisha, hii tunayoiona nyuma yangu, akamwita mdogo wake ngazini, rangi ikiwa bado mbichi, akamwambia, "Wewe kaa na watu, mimi nitakaa na hati," na kwa kweli kila mmoja alikaa na chake, ingawa hati haijawahi kumgongea mtu mlango kumwambia choo kimeziba.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na dada yangu, fundi cherehani, ambaye yuko hapa na tunamwomba Mungu amtie nguvu, na katika posa ile mama yetu mzazi, mwanamke aliyefukuzwa nyumba za watu mara nyingi mpaka akawa anafunga sufuria kwenye magazeti akisikia tu mwenye nyumba anakohoa, alimwambia bwana harusi mbele yangu, "Baba, mengine yote yatajulikana, mimi nakudai neno moja, mwanangu huyu asipandishwe tena ngazi za watu na sufuria zake kichwani," naye akajibu papo hapo, "Mama, ataingia namba moja, na hatatoka." Namba moja ni pale chini mkono wa kushoto, jikoni kwake jua la asubuhi linaingia mpaka kwenye cherehani, na wateja hawapandi hata ngazi moja, na ndiyo hiyohiyo ambayo juzi, maiti ikiwa haijatoka hospitali, dalali alikuja kuipima kwa futi ili iwe ofisi yake, nitafika huko, msininong'oneze.

Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1988, ambaye ni muuguzi, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 17 Oktoba 1991, ambaye ni fundi umeme na ndiye aliyefunga spika hii inayokoroma.

Katika usimamizi wa nyumba marehemu alikuwa na akili ambazo hazifundishwi popote, alipaka kila mlango rangi yake ili mgeni mlevi asilale kitanda cha jirani, alimkabidhi ufunguo wa tangi la maji yule aliyelalamikia maji kuliko wote, akanyamaza tangu siku hiyo kwa kuwa sasa yeye ndiye aliyelalamikiwa, na mtu akija kutafuta makazi hakumuuliza kazi wala kabila, alimwambia tu, "Ingia ndani, kisha toka ufunge mlango," akiubamiza aliambiwa nyumba imejaa, akiufunga kwa mkono mmoja huku wa pili ukizuia kishindo alipewa chai na funguo.

Lakini jamani, wapangaji ni watu, na watu wanachosha. Alikuwapo mpangaji wa namba sita tuliyemwita Bwana Kesho, naye yuko hapa, anajijua, koki yake ilivuja mpaka dari la chini yake likaota ukungu wa kijani, na kila akiambiwa alijibu, "Kesho, mzee wangu, kesho," na alipobanwa sana alisema neno lililomchoma marehemu kama pasi, alisema, "Mzee, nyumba yenyewe si yangu, mimi mpita njia," na marehemu akaja kuligundua neno hilo kwa wote, kwa aliyevunja kitasa, kwa aliyepigilia misumari kwenye vigae, kwa aliyemwaga mafuta ya kukaangia kwenye sinki, wote wapita njia, akawa anazunguka na bisibisi mfukoni akinung'unika peke yake, "Nimejaza nyumba wasafiri."

Ndipo Desemba 2011 akaita mkutano hapa uani, akatangaza kwamba kuanzia Januari, na kila Januari, kila kaya itahama mlango mmoja mbele, wa namba moja aende ya pili, wa pili ya tatu, mpaka wa nane ashuke namba moja, ili kila mtu ajue kwamba uchafu wake atauachia jirani anayemsalimia kila asubuhi, naye aone aibu. Watu waliguna, wakacheka, wakahesabu milango kwa vidole, kisha mwalimu wa kike wa namba nne akasimama, akauliza, "Na wewe je, mzee, utakaa hapo chini unatutazama tukibeba vitanda?"

Hapo ndipo alipokosea, maana angeweza kusema yeye ni msimamizi na mambo yakaisha, lakini alikuwa ameshawaita watu wenzake wapita njia, uso ukamwasha, akajibu, "Na mimi nitahama," bila kumtazama mke wake aliyekuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi. Walipoingia ndani dada yangu alimwambia, nami nilikuwa nakunywa chai palepale, "Ahadi uliyompa mama umeigawa mkutanoni kama karanga."

Januari 2012 sufuria zikafungwa kwenye magazeti, zikahama, na aibu aliyoitegemea marehemu haikumpata mtu hata mmoja, kwani watu walifanya jambo ambalo yeye na hesabu zake zote hakuliwaza, kila mmoja aliitupa nyumba aliyomo na kuanza kuitunza ile anayoiendea. Bwana Kesho, ambaye hakuwahi kukaza koki tangu azaliwe, akawa anamgongea Mama Pacha, jirani yake wa mlango unaofuata, asubuhi na mapema, bisibisi mkononi.

"Hodi jirani, nimekuja kuiona koki yangu."

"Koki yako iko kwako, baba!"

"Ile ni ya anayenifuata, atajijua. Na hawa wanao waambie wasiniandikie ukutani, ukuta wangu huo."

Ikawa hivyo mlango hadi mlango, huyu anapaka rangi kwa yule, yule anaziba bomba kwa huyu, wote wakitukanana ngazini, na nyumba ikapendeza kuliko ilivyokuwa mpya, kaka mkubwa akaja na wageni wake kuionyesha, lakini marehemu hakufurahi, alisema, "Nilitaka utu, nimepata ubinafsi wenye bisibisi."

Mwaka 2014, dada yangu akiwa amefika huko juu ambako jua halifiki kwenye cherehani na wateja wanene hawapandi, marehemu aliita mkutano mwingine, akatangaza mzunguko umekwisha, kila mtu arudi mlango alioanzia, na wapangaji walewale waliougunia mwanzoni wakamjia juu, mwalimu akisema, "Ile ya nane nimeipaka rangi kwa mkono wangu, leo nisiingie?" na Bwana Kesho, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia namba moja, akasema yeye hatoki uani mpaka ahakikishiwe mwaka wake mzima wa jua, marehemu akashindwa kuuzima moto alioukoka mwenyewe, na ilibidi amzungushe mke wake nyumba nzima, mlango kwa mlango, kila Januari akizibeba sufuria yeye mwenyewe kichwani, hakumruhusu mtu kumsaidia, hata mimi niliyejitolea kwa maneno.

Januari 2019 walirudi namba moja, dada yangu akaweka cherehani mahali pake, akafungua dirisha, na marehemu alitoka uani na kutangaza kwamba mzunguko umekufa, anayetaka kulia alie, na hakuna tena atakayehama, na wapangaji safari hii walikubali, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameshakaa kila mahali na hakuna tena aliyeweza kusema ni mpita njia.

Agosti 2022 marehemu alianza kuvimba miguu, akapimwa na kuonekana figo zimechoka, akalazwa na kutolewa mara kadhaa, huku akiagiza kutoka kitandani nani aangalie tangi na nani asafishe mfereji, mpaka tarehe 3 Februari 2024, siku ya Jumamosi asubuhi, alipofariki dunia nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, na muda mfupi kabla ya hapo alinishika mkono, akasema kwa sauti ya wazi, "Shemeji, mwambie kaka, mke wangu asitolewe namba moja mpaka atakapotoka kama ninavyotoka mimi."

Naiweka karatasi chini kidogo. Kaka mkubwa, hilo ndilo neno la mdogo wako, nawe umekaa hapo mbele yetu sote, dalali wako yuko nyuma ya gari lile jeupe na futi yake, unasemaje? Ameitikia kwa kichwa. Kichwa hakifiki getini, mzee, tunaomba kwa mdomo. Amesema, "Haya, akae, ni kwake." Asante sana, tumesikia sote, na mwalimu amesikia, na yeye hasahau.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani walioleta viti na maturubai, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwanda cha sabuni waliokuja ingawa wengine hawaoni vizuri, na wapangaji wa nyumba hii waliokesha nasi, akiwamo Bwana Kesho, aliyeahidi kuja leo na amekuja leo.

Mwisho, kwa kuwa yuko hapa amelala na mimi siwezi kuondoka mbele yake na deni, niseme kwamba yote niliyosoma ni kweli tupu isipokuwa yale maneno ya kitandani, marehemu alikuwa hajitambui tangu Alhamisi, nilimwinamia siku mbili nzima nikimbembeleza, sema shemeji, sema neno moja tu juu ya dada yangu, hakusema, nikamsemea. Lakini neno la kaka mkubwa sikulitunga mimi, limetoka kinywani mwake mchana kweupe, na mtu mzima hamezi alichokitema mbele ya watu.

Pumzika kwa amani, shemeji, safari hii umehama peke yako.