Profesa Liao na Chumvi ya Tanurini

Ndugu waombolezaji, mimi ni Liao Chin-fu, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, Profesa Liao Hsiu-chin, kama yalivyokuwa, bila kuyapaka rangi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 huko Miaoli, mtoto wa kwanza wa wakulima wa chai, akasoma hukohuko hadi sekondari, kisha akaenda Hsinchu, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1987 na kubaki chuoni akifundisha semikonda, somo gumu linaloziwezesha kufanya kazi hizo simu zenu, ambazo naomba mzizime. Mwaka 1989 alifunga ndoa na Mwalimu Peng Jui-hung, wakajaliwa binti mmoja, Yu-hsuan.

Utafiti wake ulikuwa wa transista, yaani vijiswichi vidogo vya umeme, zinazohimili joto kali, na juu ya tanuri lake la kuzichomea aliweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, kama hirizi, kama maabara zote za kwetu, ili mashine isigome, na ole wako uifungue. Mwaka 2009 yeye na mwanafunzi wake, Ku Wen-pin, walitengeneza transista zilizopitisha umeme kwa wepesi wa ajabu, wakaandika makala, wakapigiwa makofi kila mahali, na Wen-pin akapata uzamivu wake. Miaka miwili baadaye dada aligundua kwamba bomba la kauri la tanuri lilikuwa likivujisha sodiamu, ileile ya kwenye chumvi, na kwamba wepesi wote ulitoka humo, tena transista zikipata moto zinaharibika. Mkuu wa idara alimsihi, "Mwalimu, chumvi kidogo tu hiyo, nani ataionja?" Akajibu, "Transista zimeshaionja." Akaifuta makala yao hadharani, akanyang'anywa maabara, na Wen-pin akakosa kazi aliyoahidiwa ng'ambo; kijana huyo aliyekuwa akila mezani kwa dada kila Jumapili hakukanyaga tena pale.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, yeye ambaye hakuwahi kushika sigara, akafariki tarehe 2 Novemba, na sitawadanganya, aliteseka. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aliuliza, "Wen-pin huyo?" hadi tukachoka kumjibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea uji, na wenzake wa chuoni, hata wale waliokaa kimya.

Ku Wen-pin, nimekuona hapo mlangoni tangu tulipoanza. Sogea mbele, mwanangu, umchomee udi. Dada, amekuja, usiulize tena, pumzika.